Kidonge cha Presha na Ndoo ya Kusuuzia

4 Februari

Mdogo wangu Greda,

Salaam kutoka kwenye mvuke na harufu ya mapera. Natumai barabara yenu inasonga mbele na wewe husongi nyuma. Huku Mama ni mzima, meno yamebaki machache lakini ya kunitafuna mimi yanatosha. Shemeji yako anakusalimu, goti lake linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yangu alipita Jumamosi na wanao. Yule wa mwisho kamaliza chupa nzima ya jamu, nikamuuliza, akaapa si yeye, na huku amejipaka hadi kwenye nyusi. Nikasema huyu ni mtoto wa baba yake kabisa.

Sasa kaa chini. Hospitali wameniambia nina sukari.

Nilikwenda kwa ajili ya presha tu, maana unajua tangu mwaka juzi nameza kile kidonge cha kukojoza, cheupe, kimoja kila asubuhi. Daktari akasema nipimwe na sukari kwa kuwa umri unaruhusu. Damu ikatolewa mshipani, sijala kitu, jibu likaja saba nukta nne. Mpaka wao ni saba. Nukta nne, mdogo wangu! Nimevuka mpaka kwa nukta nne na tayari nimekuwa mkimbizi.

Kinachoniuma si hizo nukta. Kinachoniuma ni ndugu. Kabla sijavua viatu Kaka Mkubwa alishapata habari, akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa banda langu la jamu akatangaza kama mahakama: "Muuza jamu hafi njaa, hufa sukari. Umejionja mwenyewe hadi umekwisha." Mbele ya wafanyakazi wangu kumi na mmoja! Mimi ambaye chai nakunywa kavu! Mimi ninayeonja kwa ncha ya kijiko na kutema! Nilianza na sufuria ya kuazima na mapera ya kuokota chini, leo nina majiko manne makubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunipepea moto. Leo wote ni madaktari.

Amesema kikao cha ukoo cha Julai kitaamua. Na kwa kuwa banda liko kwenye kiwanja cha marehemu Baba, neno lake ni zito. Anataka majiko yazimwe, nipumzike. Nipumzike nini? Nikipumzika ndipo nitakufa.

Nimenunua mashine yangu ya kupima sukari. Mimi simwamini mtu, naamini namba. Nitampata mchawi.

Na wewe presha yako vipi? Mkeo anasema ukipata mtandao huko kilimani unasema "niko poa" halafu unakata. Niandikie barua ya mtu mzima. Dereva wa lori la saruji ataisubiri.

Dada yako wa tumbo moja

---

27 Februari

Dada Mizani,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na vumbi la saruji, nimeipiga kwenye goti kama mkeka. Jamu uliyompa dereva haikufika. Dereva anasema chupa ilipasuka njiani. Cha ajabu ilipasuka bila kuacha kigae, na yeye amenenepa.

Huku tuko wazima. Tumemaliza daraja la kwanza, sasa tunakata kilima. Msimamizi wetu mpya ni kijana mdogo, ananiita "mzee" kwa heshima halafu ananipa kazi ya vijana watatu. Greda langu la kusawazisha barabara linakohoa, lakini nani asiyekohoa kwenye vumbi hili.

Pole sana na sukari, dada. Na pole zaidi na Kaka Mkubwa, maana sukari ina dawa. Usimjali. Yule hata mvua ikinyesha husema aliionya.

Presha yangu nzuri. Mama muuguzi wa kambi alinianzishia kidonge mwaka jana, nadhani ni ndugu wa hicho chako, maana na changu ni cheupe, nacho kinanikimbiza chooni. Nimeomba nihamishiwe hema la mwisho, lile lililo karibu na choo, basi usumbufu umekwisha. Jua la huku ni kali mno. Nabeba dumu langu la lita tano kwenye greda na jioni narudi nalo tupu. Wenzangu wananiita Ngamia.

Usikurupuke na hiyo mashine. Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie mke wangu niko poa kweli, si poa ya simu.

Mdogo wako, Greda

---

15 Machi

Greda wee!

Nimempata! Nimempata mchawi, nimemshika mkia! Mama mzima, shemeji mzima, wifi mzima, wote wazima, salaam zimekwisha, sikiliza.

Yule mfamasia wa duka la dawa la kona ni mteja wangu wa jamu ya nanasi. Jana kaja kuchukua chupa zake, nikamweleza mambo yangu. Akasema, na nanukuu: "Mama, baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza vinaweza kupandisha sukari kwa watu wengine." Mwiko ulinidondoka! Alikuwa anaendelea kusema, sijui nirudi kwa daktari, sijui nini, lakini mimi nilishafika mbali.

Maana namba ninazo! Nimepima wiki tatu. Kazini saa sita mchana: kumi na nne nukta mbili. Kumi na tano nukta sita. Kumi na tatu nukta tisa. Nyumbani Jumapili, saa sita ile ile: nane kamili. Saba nukta nane. Sasa nikajiuliza, kuna tofauti gani? Chakula ni kile kile, napika mwenyewe. Jamu sili. Ila siku za kazi kidonge nameza alfajiri kabla ya kufungua banda, na Jumapili nameza alasiri, nikikumbuka! Umeona? Kidonge kikiwamo tumboni, namba inapaa. Kisipokuwamo, imelala. Hata mtoto wa darasa la pili angetoa jibu hili.

Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na mimi changu nilikuwa nakitelemshia maji kila siku na kushukuru!

Nimekiacha tangu jana. Na wewe kitupe. Chako ni ndugu wa changu, umesema mwenyewe. Kitupe leo, usisubiri mtu. Kikao cha Julai nitasimama na namba zangu, nimwone Kaka Mkubwa atashika fimbo kwa mkono gani. Jamu yangu haina hatia! Nimewaambia wafanyakazi, wamepiga vigelegele hadi jirani kaja kuuliza nani kaposwa.

Jibu upesi. Nina raha hadi nimepandisha moto jiko la nne bila mapera.

Dada yako, Mizani

---

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua nimepata.

Mvua zimeanza. Mto umejaa, lori linavuka kwa kubahatisha.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nimefanya ulivyosema.

Kazi inaendelea. Juzi nililima vigingi sita vya wapimaji, vile vya rangi nyekundu. Msimamizi akauliza kama nina ugomvi na wapimaji. Tukacheka. Ni vumbi tu.

Jambo moja dogo. Mpishi wetu aliwahi kupimwa sukari hapa kambini akatokea mgonjwa wa kutisha, akalia, akaandika wosia. Mama muuguzi akamuuliza alikuwa anafanya nini. Kumbe alikuwa anamenya mananasi. Akamtuma anawe kwa sabuni, akampima tena, mzima kabisa. Tangu hapo ukienda kwake hakugusi kabla hujanawa.

Wewe unanawa, sivyo?

Wasalimie.

Greda

---

28 Aprili

Wewe mtoto!

Niliposoma swali lako niliirusha barua kwenye kuni. Ninanawa! Nani kakwambia mimi mchafu? Nina banda lililokaguliwa na mabwana afya likapita! Nanawa kila mara kabla ya kuchoma kidole, kwenye ndoo iliyo pale pale karibu na jiko.

Halafu nikaiangalia ile ndoo.

Greda, ndiyo ndoo ya kusuuzia miiko. Tangu asubuhi miiko yote ya majiko manne inaingia na kutoka mle. Nilichovya kidole nikalamba. Maji matamu kama sharubati ya mgonjwa!

Nikaufungulia bomba mkono wa kushoto, sabuni, nikakausha kwa kitambaa safi. Wa kulia nikauchovya kwenye ndoo yangu kama kawaida. Nikachoma vidole vyote viwili, wafanyakazi wamenizunguka kama naagua. Kulia: kumi na nne nukta nane. Kushoto: nane nukta moja. Mwili mmoja, dakika moja, watu wawili! Nilikaa chini nikacheka hadi yule mama anayemenya mapera akaleta feni. Wiki zote zile nilikuwa naipima jamu. Jamu imekutwa na sukari! Na ndiyo maana nilipoacha kidonge namba za kazini hazikushuka hata nukta, nami nikajiambia sumu bado inatoka polepole.

Basi nikaenda kwa daktari na kila kitu, hadi aibu yangu. Hakunicheka sana. Alipima presha kwanza: mia moja sabini na nane juu, mia moja na nne chini. Hapo akaacha kucheka kabisa. Akasema, "Mama, sukari ya nukta nne ingekusubiri miaka. Presha hii haisubiri mtu." Kumbe nilikuwa natembea na bomu nikipigiwa vigelegele.

Halafu nikambana. Je, kidonge kina hatia au hakina? Akasema mfamasia hakukosea. Kile cha kukojoza, kwa baadhi ya watu, kinaweza kuisukuma sukari juu kidogo, hasa kwa mtu aliyekwisha kuelekea huko. Lakini kuna umri, kuna uzito wangu, kuna damu ya Baba. Nikamwambia nigawie, kidonge asilimia ngapi, Baba asilimia ngapi. Akasema hesabu hiyo haipo, hakuna anayeweza kuigawa kwa mtu mmoja. Nilikasirika! Hesabu gani haigawanyiki? Lakini sikuondoka hivi hivi: amenibadilishia kidonge cha aina nyingine, na sukari tutaipima tena mshipani baada ya miezi miwili. Akanionya kwa kidole: dawa ya presha haiachwi, hubadilishwa, na anayebadilisha ni yeye.

Sasa wewe.

Nimetoa barua zako zote kwenye kopo, za mwaka jana na za mwaka huu. Nimezihesabu, unanijua. Mwaka jana ukurasa wako ulikuwa na mistari kumi na minane, herufi ndogo kama sisimizi. Februari mistari kumi na mitano. Hii ya mwisho tisa! Herufi kubwa kama za mbao za matangazo. Mwaka jana jua lilikuwa hili hili, na ulijisifu kwamba chupa mbili za maji zinakutosha. Sasa ni dumu. Umehamia karibu na choo. Na vigingi vyekundu huvioni, Greda, vigingi ambavyo wewe ulikuwa unaviona hata kwenye ukungu. Hilo si vumbi. Na hilo halikuwahi kuchovywa kwenye ndoo yangu.

Na umeandika "nimefanya ulivyosema." Nilikwambia kitupe, nikiwa na vidole vya jamu. Usinisikilize! Nenda kwa mama muuguzi leo hii, akupime presha na sukari, akuambie umeze nini. Nakutumia mashine yangu na vipande vyake vya kupimia. Dereva nimemwambia akiila na hii namshitaki.

Ule msemo wa mficha maradhi unaujua. Sitaumalizia.

Dada yako

---

20 Mei

Greda,

Sina salaam. Dereva hajarudi, wanasema mto umekata barabara. Mkeo anakuja kila jioni anauliza kama kuna barua, namwambia mvua. Anajua nadanganya kwa sababu namwacha aondoke bila kubishana naye.

Andika hata mstari mmoja. Mkubwa unavyotaka.

---

11 Juni

Dada yangu Mizani,

Shikamoo, shikamoo mara mbili, moja ya deni la mwezi uliopita. Naandika nikiwa hospitali kubwa, kitanda cha dirishani, na mstari naona. Hesabu basi.

Barua yako ya Aprili ilivuka mto kichwani mwa dereva, kweli kabisa, akiogelea, na mashine yako ikiwa ndani ya kofia. Nimemsamehe jamu zote. Mimi nilikuwa nimelala hemani nimewaambia watu ni malaria. Kichwa kilikuwa kinagonga kama nyundo, na shingo imekaza. Nikaifungua barua nikaona mistari yako inaogelea nayo. Sikuweza kusoma hata neno, dada. Nikamwomba mama muuguzi anisomee, maana nilidhani ni habari za Mama na goti la shemeji.

Akaanza vizuri. Kwenye ndoo akacheka hadi akavua miwani. Kwenye presha yako akaguna. Kisha akafika kwenye dumu. Akafika kwenye choo. Akasoma vigingi sita kwa sauti ya chini, akaacha kusoma, akanitazama. Mimi natazama turubai la hema. Wewe ukiwa mbali namna hiyo umenishitaki kwa sauti ya mtu mwingine, nami nimelala pale pale!

Akafungua kofia ya dereva akatoa mashine yako. "Ngamia," akasema, "kanawe. Kwa sabuni. Halafu uninyooshee kidole."

Ishirini na nne nukta tatu. Akaniambia ninawe tena. Ishirini na nne nukta moja. Jamu yako sijaigusa tangu Desemba. Presha sitakuandikia, Mama husomewa barua hizi.

Mto ulipopungua, lori lile lile la saruji likanivusha hadi ng'ambo, nimelazwa juu ya mifuko. Daktari wa hapa ni mwanamke mkali mwenye mzaha. Nikamuuliza swali lako, la hatia. Akasema kwa namba kama zangu sukari huenda ilikuwamo hata kabla ya kidonge, na kidonge huenda kiliongezea msukumo, huenda hakikuongeza chochote cha maana. Amenipa kingine, na dawa ya sukari juu yake. Macho amesema yatatulia sukari ikitulia, nisikimbilie miwani sasa, nitanunua ya mtu ambaye si mimi.

Usijitwike lawama. Kiu ilianza kabla ya barua yako ya kwanza. Nilijua. Niliogopa wakijua wataniteremsha kwenye greda wanipe bendera ya kuongoza magari, kijani na nyekundu, mchana kutwa. Ulipoandika kwamba mchawi ni kidonge, nilifurahi kuliko wewe. Nilitaka iwe ni kidonge. Kidonge unakitupa nyuma ya hema, mambo yamekwisha. Na swali la kunawa nililiandika nikiwa naomba Mungu ujibu kwamba unanawa vizuri.

Mama muuguzi amezungumza na yule msimamizi kijana. Kasema greda litanisubiri, mradi nirudi na karatasi ya daktari. Kaongeza kwamba vigingi sita si kitu, yeye mwaka jana alipima barabara ikaelekea kwenye kisima.

Mwambie mke wangu yote. Naomba uanze na ile ya kofia.

Mdogo wako, Ngamia mstaafu

---

2 Julai

Mdogo wangu, jicho langu,

Salaam, na leo zimejaa hadi mdomoni mwa chupa. Mama anasema ukirudi atakuchapa na kisha atakupikia. Mkeo alilia kwenye dumu, akacheka kwenye kofia, na atafika huko Alhamisi, jiandae kwa yote mawili.

Kikao kimefanyika jana. Nilikwenda na ndoo ya maji safi, sabuni, taulo, na mashine mpya. Kaka Mkubwa akafungua kwa maneno yake yale yale, muuza jamu hafi njaa. Nikamwacha amalize. Kisha nikasimama nikawaeleza: mimi ninayepika jamu, saba nukta nne. Greda asiyeionja jamu hata harufu kwa sababu ya dereva, ishirini na nne. Sasa mchawi ni jamu kweli? Nikasema nilimshitaki kidonge nikakosea nusu, na kosa hilo nusura litugharimu mtu. Kwa hiyo leo hatushitaki. Leo tunapima. Kila mmoja anawe.

Wakaanza kucheka, lakini wakapanga foleni. Shangazi mzima. Binti yangu mzima. Shemeji yako mzima isipokuwa goti. Kaka Mkubwa akasema yeye hana haja, yeye tangu ujana hali vitu vitamu. Mama akamwambia, "Wewe, nawa." Ana miaka sitini na tisa, akanawa.

Kumi na tatu nukta sita!

Akanyanyua mkono wangu akaunusa, akidhani nimempaka jamu. Akanawa mwenyewe mara ya pili, sabuni nyingi hadi kwenye kiwiko, akafuta na shati lake badala ya taulo langu. Kumi na tatu nukta tano. Alikaa chini polepole. Halafu, Greda, sikuamini, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Na kiu? Kiu nayo inahusika?" Watu wote waligeuka kumtazama yule mzee na jagi lake la maji, ambalo tumeliona pembeni yake mwaka mzima na hakuna aliyelihesabu. Hata mimi.

Kesho nampeleka kwa daktari wangu. Banda halikujadiliwa tena. Alipokuwa anatoka alipita karibu na majiko, akagonga sufuria kwa fimbo, akasema, "Usiyazime, moto ukipoa ni kazi kuuwasha." Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Na damu yangu ya mshipani imerudi: sita nukta saba. Chini ya mpaka! Ni kidonge kipya? Ni kule kutembea kwa miguu hadi sokoni nilikoanza? Ni yote? Daktari kasema hajui mgawanyo. Nikamwambia daktari, safari hii sikuulizi.

Barua yako nimeihesabu. Ukurasa wa kwanza mistari kumi na miwili, wa mwisho kumi na mitatu. Endelea kumeza, endelea kunawa. Siku itakayokuja yenye kumi na minane, herufi za sisimizi, nitazima majiko yote manne kwa hiari yangu, nipande juu ya mifuko ya saruji nije kukaa pembeni yako kwenye greda. Nataka unionyeshe vigingi vyekundu, kimoja kimoja, toka mbali.

Dada yako mwenye mikono safi